Kolwezi: Nguo za madoadoa ya kijeshi, hatari isiyoonekana karibu na moto

Sheria ya Kongo inakataza raia kuvaa sare za jeshi, na kila mtu Kolwezi anajua kwamba anayekamatwa nazo anaweza kujieleza mbele ya mahakama. Hata hivyo, suruali na jaketi za madoadoa zinaendelea kuuzwa kati ya mitumba. Wanunuzi wanazipenda kwa sababu ni nzito, zina mifuko mingi na hazionyeshi udongo. Lakini hatari yake haiko kwa askari wa barabarani tu. Iko pia kwenye kitambaa chenyewe.

Nguo nyingi za aina hiyo hazikushonwa kwa pamba tupu. Sare iliyotumiwa na jeshi la Marekani kwa miaka mingi ilikuwa nusu pamba, nusu nailoni. Zile za kuiga, zinazotengenezwa kwa bei ndogo, mara nyingi ni poliesta. Nailoni na poliesta huyeyuka zikifikia joto la digrii 220 hadi 260 hivi. Makala yanayowaka kwenye mbabula hupita digrii 600 kwa urahisi, na cheche za mchomeaji vyuma ni kali zaidi.

Pamba ikishika moto huwaka na kuwa majivu. Poliesta huyeyuka kama plastiki, hunata kwenye ngozi na kuendelea kuichoma hata baada ya ndimi za moto kuzimika. Kidonda chake huingia ndani zaidi, na daktari hupata kazi ngumu kukisafisha.

Majeshi yenyewe yalijifunza hivyo kwa uchungu. Mwezi wa nne 2006, makamanda wa wanamaji wa Marekani nchini Iraki waliwakataza askari wao kuvaa fulana za michezo za poliesta na nailoni wanapotoka kambini, kwa sababu zilikuwa zinayeyukia mwilini mabomu yanapolipuka. Baadaye askari wa nchi hiyo walipewa sare maalumu zinazopinga moto. Kwa macho, sare hizo zinafanana na zile za kawaida. Madoadoa hayamwambii mnunuzi lolote kuhusu moto.

Lualaba inaujua moto. Tarehe 12 mwezi wa 11 mwaka 2017, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka karibu na Lubudi na kuwaka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Huko Sange, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010 na kuua watu zaidi ya 200. Kwa moto mkubwa namna hiyo, hakuna nguo ya kawaida inayoweza kumwokoa mtu. Lakini kwa muuza mafuta ya chupa, fundi wa kuchomea au mama anayewasha mbabula, kitambaa kinaweza kuamua ukubwa wa kidonda.

Kuna njia rahisi ya kujua. Chomoa uzi mdogo kwenye pindo, ushike kwa koleo, uuwashe nje, mbali na mafuta. Ukinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukijikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni plastiki: usivae nguo hiyo kazini. Pamba nayo si salama ikiwa imelowa mafuta, ifue kwanza.

Nguo ikishika moto, usikimbie. Lala chini, funika uso kwa mikono, jiviringishe. Kisha mwagia kidonda maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kitambaa kilichonata usikivute; kiache hapo, funika kwa nguo safi, nenda hospitali. Dawa ya meno, mafuta na unga havitibu kidonda cha moto, vinakiharibu.