Keki ya Asali Nayo Ina Sukari

Leo napenda kuwaonya juu ya kosa nililolifanya mwenyewe.

Mama yangu mzazi ana ugonjwa wa kisukari. Pasaka moja, hapa kwetu Oloipiri, tulioka keki kwa asali bila hata chembe ya sukari ya dukani. Nikamwambia kwa mdomo wangu, “Kula, mama, hii haina sukari.” Akala vipande vitatu. Usiku kucha alishikwa na kiu, akatoka nje mara nyingi. Asubuhi alipopimwa damu, sukari ilikuwa juu sana. Muuguzi akaniuliza, “Bwana karani, kwani nyuki hutengeneza chumvi?”

Sikuwa na jibu.

Twaipenda asali, na ni haki yetu. Jirani zetu Wasonjo hufuga nyuki tangu zamani, na wazee wa Kimaasai huitumia katika sherehe zao. Lakini asali ni sukari na maji kidogo. Kijiko cha kula cha asali kina karibu gramu 17 za sukari. Kijiko hicho hicho cha sukari ya dukani kina gramu 12 au 13, kwa kuwa asali ni nzito zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, ikiwezekana, mtu mzima asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Asali imo katika hesabu hiyo.

Je, tuache kuoka? La. Tuoke kwa kiasi, na utamu mwingi utoke katika ndizi. Ndizi ikiiva mpaka ganda liwe na madoa meusi, wanga wake umekwisha kugeuka sukari, nayo bado ina nyuzinyuzi zake. Ndizi za Mto wa Mbu zafaa sana.

Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, ndizi 3 kubwa zilizoiva sana, mayai 2, theluthi ya kikombe cha mafuta, robo kikombe cha maziwa, vijiko 2 vya chai vya beking poda, iliki na chumvi kidogo. Asali isizidi vijiko 3 vya kula. Ponda ndizi, changanya na mayai, mafuta, maziwa na asali. Kisha tia unga uliochekechwa pamoja na beking poda. Usikoroge mno, keki itakuwa ngumu.

Kama huna tanuri, tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, funika, uipashe moto dakika 10. Weka ndani yake sufuria ndogo ya keki iliyopakwa mafuta. Funika, weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Moto uwe wa pole, kwa maana asali huungua upesi. Baada ya dakika 40 chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Kata vipande 12. Kila kipande kitakuwa na karibu gramu 4 za sukari ya asali. Mgonjwa wa kisukari mwokee isiyo na asali, apate kipande kimoja, na ahesabu ndizi na unga pia, maana vyote hupandisha sukari. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata iliyo ndani ya keki, kwa kuwa yaweza kumletea sumu ya hatari.

Tena, msomaji, tazama kikombe kilicho kando ya keki. Chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari ina sukari kupita kipande hicho. Punguza kijiko kimoja kila juma, ulimi utazoea.

Kitabu cha Mithali, sura ya 25, chamwonya aliyepata asali asipite kiasi. Mama sasa hula kipande kimoja, na chai yake haina sukari. Mwaka huu, kabla ya kukipokea, aliniuliza, “Mwanangu, umehesabu?” Nikamjibu, “Nimehesabu, mama.”