Je, Wajua? Ndizi Mbivu na Hasira ya Nyuki

Nyuki anapodunga hutoa isoamili asetati, kemikali ya kuwaita wenzake vitani, ambayo pia huipa ndizi mbivu harufu yake. Kwa hiyo mfugaji makini hali ndizi kabla ya kufungua mzinga. Moshi huifunika harufu hiyo.

Nyuki wa Afrika, ambao ndio wanaofugwa Sudan Kusini, hushambulia zaidi vitu vyeusi na vyenye manyoya. Ndiyo maana ovaroli ya mrina asali huwa nyeupe na ya kitambaa laini, ilhali wavu wa usoni, ajabu kweli, huwa mweusi, kwa kuwa wavu mweupe hurudisha mwanga wa jua machoni na kumzuia mvaaji kuona vizuri.

Jijini Juba, ambako joto la Machi hupita nyuzi 35 za Selsiasi, vazi hilo humchosha mvaaji upesi, hivyo ni afadhali kurina jioni.

Mwiba wenye vimeno hubaki ngozini pamoja na kifuko kinachoendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Kuung'oa upesi, iwe kwa kukwangua au kwa kubana, ni muhimu kuliko namna ya kuung'oa.