Kazi ya kompyuta: Nairobi au nyumbani Eldoret?

Wazazi wengi wa Eldoret wakisikia kwamba mtoto wao ameajiriwa na kampuni kubwa ya ushauri wa kompyuta jijini Nairobi, huona taabu ya karo imekwisha. Hata hivyo, ajira hiyo ina mambo yake, na yafaa kijana ayajue kabla ya kutia sahihi.

Kampuni za aina hii huuza ujuzi wa wafanyakazi wao, mara nyingi kwa saa au kwa siku. Benki au wizara ikitaka programu mpya, hukodi kampuni, nayo humtuma kijana huko. Basi anayemlipa ni mmoja, na anayemsukuma kila siku ni mwingine. Hujaza fomu kueleza alivyotumia kila saa, maana saa hizo ndizo mteja atakazolipishwa. Mradi ukiisha, hungoja mwingine. Kungoja huko ndiko kunakokosesha watu usingizi, kwani kampuni ikipunguza wafanyakazi, wasio na mteja hutazamwa kwanza.

Faida pia zipo. Tata Consultancy Services, iliyoanzishwa India mwaka wa 1968, ina wafanyakazi zaidi ya 500,000. Katika kampuni kama hizo kijana hupata mafunzo na ngazi za kupandia, na kwa muda mfupi huona kazi za benki, bima na viwanda.

Lakini je, ni lazima kila mjuzi wa kompyuta ahame? Mwaka wa 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Hiyo ilikuwa kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22.

Mwaka wa 2004 madaktari wawili Wamarekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja Eldoret kuusaidia mpango wa AMPATH, ambao wagonjwa wake wa Ukimwi walikuwa wakiongezeka haraka. Juhudi hizo zilizaa OpenMRS, programu iliyoanza kutumika hapa mwaka wa 2006. Haiuzwi, yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. KenyaEMR, inayotumiwa na vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake.

Anayefanya kazi kama hii humwona anayemhudumia: mama aliyeshika kadi kwenye foleni. Akikosea, dawa huenda zikamfikia asiyestahili.

Hata hivyo, nyumbani nako si salama kabisa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya afya iliyotegemea fedha hizo iliyumba, na watu wakabaki bila kazi.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kuingia popote, uliza: mradi ukiisha, nitaendelea kulipwa? Naweza kupelekwa nchi nyingine? Nikiacha kazi mapema, nitadaiwa gharama za mafunzo? Fedha za mshahara zinatoka wapi, na ni za muda gani?

Nawe mzazi, usiridhike kwa kusikia jina la kampuni tu. Mwambie mwanao alete mkataba nyumbani, mkae mezani, muusome pamoja.