Maji ya tangi la samaki ni mbolea ya maua, lakini angalia yalikotoka

Wakaazi wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani hubadilisha sehemu ya maji kila wiki, na mengi huishia kwenye mtaro. Tangi la lita 60 likipunguzwa robo, hizo ni lita 15. Kwenye mitaa inayopata maji kwa zamu, hicho si kiasi cha kumwaga.

Maji hayo yana chakula cha mimea. Samaki hutoa amonia, na bakteria wanaoishi kwenye changarawe na chujio huigeuza hatua kwa hatua hadi iwe naitreti. Naitreti ni nitrojeni ambayo mizizi huichukua moja kwa moja, ile ile iliyomo katika CAN tunayokuzia mahindi. Ya tangini ni hafifu, hivyo haiunguzi mizizi ukimwagilia mara moja kwa wiki badala ya maji ya kawaida.

Shida ya kwetu ni floraidi. Maji ya visima vingi virefu katika Bonde la Ufa yana madini haya kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya rangi ya kahawia ni ushahidi tunaouona kila siku. Maji ya tangi yakipungua kwa kukauka, floraidi hubaki. Ukiongeza maji mengine ya kisima juu yake, inazidi kurundikana. Kuchemsha hakusaidii, kunaizidisha. Drasena na lile ua la majani membamba yenye mistari, linaloning'iniza vichipukizi, huathirika mapema: ncha za majani hukauka na kuwa kahawia. Ukiona hivyo, usikimbilie kuongeza mbolea. Jaza tangi kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, ukiyachanganya kidogo kidogo ili samaki wasishtuke, au mwagilia mimea hiyo kwa maji ya mvua pekee.

Maji yaliyotiwa chumvi au dawa ya kutibu samaki yasifike kwenye chungu chochote. Dhania na letusi, kwa kuwa huliwa mbichi, vitafutie maji mengine, maana maji ya tangi yanaweza kuwa na vimelea vya salmonela. Kwa sababu hiyo pia, usivute mpira kwa mdomo unapotoa maji, na unawe mikono kwa sabuni.

Wenye vidimbwi vya samaki, vilivyoenea nchini kupitia mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, wanaweza kupeleka maji ya kidimbwi kwenye migomba au nyasi za ng'ombe kwa njia hiyo hiyo.

Kama huna maua, mwaga maji ya tangi kwenye udongo mkavu uani. Mimea ya majini iliyobaki ianike hadi ikauke kabisa, na samaki usiowataka mpe mfugaji mwingine. Visitupwe mtoni wala ziwani. Ziwa Naivasha tayari lina gugu maji, ambalo asili yake ni Amerika Kusini.