Joto Lililomo Katika Plasta ya Paris

Plasta ya Paris ni unga mweupe utumiwao katika masomo ya sanaa kutengenezea sanamu na kalibu. Kwa kuwa hauna harufu wala hauwashi mkononi, wengi huuona kuwa hauna madhara zaidi ya chaki, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa jasi ile ile. Dhana hiyo ni ya hatari. Mwaka 2007, katika shule moja ya Lincolnshire, Uingereza, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono yake katika ndoo ya plasta ili apate umbo lake. Plasta iliganda, mikono haikutoka, na madaktari walilazimika kumkata vidole vingi. Shule ilitozwa faini mahakamani mwaka 2009.

Chanzo cha joto hilo ni jasi yenyewe, yaani salfeti ya kalsiamu iliyoshikamana na maji. Jasi ikiokwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi za sentigredi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga. Unga ukichanganywa na maji huyarudisha:

2CaSO₄·H₂O + 3H₂O → 2(CaSO₄·2H₂O) + joto

Hivyo plasta haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Joto lililotumika tanuruni kuyafukuza maji sasa hutolewa, na tope nene huweza kufikia nyuzi 60, joto linalounguza ngozi kwa sekunde chache. Ubaya zaidi ni kwamba ugumu hutangulia na joto kali hufuata. Mtu huanza kuhisi kuungua akiwa amekwisha kufungwa.

Mwanafunzi atauliza: mbona hospitalini mgonjwa hufungwa plasta hiyo hiyo? Huko bandeji huwekwa kwa tabaka chache juu ya pamba, na maji huwa ya vuguvugu, si ya moto, hivyo joto hupotea hewani. Unene ndio unaolizuia joto lisitoke.

Anayetaka umbo la mkono na aukandamize katika udongo laini wa mfinyanzi, autoe, kisha amimine plasta katika shimo lililobaki. Unga umwagwe polepole ndani ya maji, mbali na upepo, maana vumbi lake huwasha macho na koo.

Mabaki nayo yana kanuni yake. Kwa kuwa plasta huganda hata chini ya maji, ikimwagwa katika sinki huziba bomba kama jiwe. Iachwe igande ndooni, kisha itupwe ikiwa gumba. Isichanganywe na takataka zinazooza, kwani pasipo hewa bakteria huigeuza salfeti kuwa haidrojeni salfidi, gesi yenye sumu inayonuka kama yai viza.