Chura wa Kihansi na ugonjwa unaosafiri na tope

KATIKA korongo la Mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, yupo chura mdogo wa rangi ya manjano asiyefikia sentimita tatu. Haishi mahali pengine popote duniani. Makazi yake yalikuwa takribani hekta mbili tu, zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Tofauti na vyura wengi, hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai.

Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ukijengwa hapo. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza kazi, maji mengi yalichepushwa na manyunyu yakapungua. Karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji.

Kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kuwa 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wamekwisha. Mizoga ilikutwa na kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi. Chura hutumia ngozi kupitisha maji na chumvi za mwili; ikiharibika, chumvi hupungua na moyo husimama. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Hapa ndipo habari hii inapomhusu mfanyabiashara wa mpakani. Kuvu hiyo husafiri kwa maji, tope na vyura wanaouzwa wakiwa hai, na watafiti wanaitaja biashara ya vyura kuwa njia kubwa iliyoisambaza hadi Australia na Amerika. Haimdhuru binadamu wala mifugo, kwa hiyo hupita forodhani bila mtu kushtuka.

Kinga yake haina gharama kubwa. Anayesafirisha samaki hai au mimea ya majini asimwage maji ya safari kwenye mto mwingine. Viatu, nyavu na ndoo zioshwe tope, kisha zianikwe hadi zikauke kabisa, kwani kuvu hiyo haistahimili ukavu.

Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa kwa ndege Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wengine wakaanza kurudishwa Kihansi. Safari ya kumrudisha nyumbani ilichukua miaka 12. Kuosha viatu huchukua dakika chache.