Kompresa ya AC Ikipiga Kelele

Ndugu wanavikundi, gari kuukuu la kikundi likianza kukoroma chini ya boneti, tunawaomba msikimbilie kununua kompresa. Injini ikiwa imewashwa, zimeni AC. Kelele ikikoma, shida iko kwa kompresa au klachi yake. Ikiendelea, shukuni beringi ya puli, maana puli huzunguka hata AC ikizimwa. Hiyo msiipuuze! Ikikwama, mkanda hukatika, na magari mengi mkanda huo huo huzungusha alternata, pengine na pampu ya maji. Mtalala barabara ya Bondo na samaki wa watu. Fundi aweza kubadilisha beringi peke yake, bila kufungua paipu za gesi. Pesa zikikosa, muulizeni kama gari lenu lakubali mkanda mfupi unaoruka kompresa. Joto la Kisumu tumelizoea, tutafungua madirisha.